Neno la Jumapili: Wakunga Wawili wa Misri na Nyumba Zetu za Ohio

Masomo: Kutoka 1:8–22, Zaburi 139:13–16, Luka 1:39–45



Tunawasalimu ninyi nyote mliofika ibadani, na ninyi mliokuwa kazini zamu ya Jumapili, mnaosoma neno hili kwenye simu wakati wa mapumziko. Mahubiri ya wiki iliyopita mlituomba tuyaweke kwa maandishi. Wengine mlisema yalikuwa marefu, na watoto walikuwa wanalia, na sehemu ya katikati haikusikika vizuri. Hapa tumeyaandika kama wazee wa kanisa pamoja, na tumeongeza machache tuliyoyasahau siku ile.

Tunazungumza juu ya mimba na juu ya kutoa mimba. Tunazungumza pia juu ya watoto wetu wanaosema kwamba mwili waliozaliwa nao si wao. Wazazi wetu hawakuyasema mambo haya mezani. Kule nyumbani yalisemwa na shangazi, na bibi, na kungwi, chumbani mlango umefungwa. Hapa shangazi hayupo. Amebaki Uvira, au Nyarugusu, au Mombasa, na mtoto anafundishwa na simu. Kwa hiyo tusipoyasema sisi, yatasemwa tu, ila hatutakuwepo.

Tuanze na karatasi moja.

Miezi kadhaa iliyopita mama mmoja wa kanisa letu, ambaye ametupa ruhusa tulisimulie na jina lake tunaliacha, alipoteza mimba ya wiki kumi. Alianza kutoka damu usiku. Mume wake alikuwa kazini, jirani akampeleka hospitali. Asubuhi akarudi na bahasha. Mume alipofika akaifungua, akaipiga karatasi picha kwa simu ili simu imtafsirie. Simu ikamwandikia kwamba mke wake amefanyiwa utoaji mimba, na mbele yake ikaweka neno ambalo yeye alilielewa kuwa ni kwa kupenda mwenyewe.

Siku nne hawakusemezana. Siku ya tano mume akaja kwetu na ile karatasi imekunjwa mfukoni, akatuuliza kama ndoa ya Kikristo inaweza kuvunjwa kwa sababu ya mauaji. Hayo ndiyo maneno aliyotumia.

Dada mmoja wa kwaya anayefanya kazi ya uuguzi ndiye aliyeisoma karatasi na kutufumbua macho. Madaktari wa Kiingereza wana neno moja la kitabibu ambalo huliandika kwa mimba yoyote inayoisha kabla mtoto hajaweza kuishi nje ya tumbo, iwe imetoka yenyewe au imetolewa. Wao wanajua tofauti kwa neno linalolitangulia. Simu haikujua. Kiswahili chetu kimeyatenga mambo haya mawili tangu zamani: mimba imetoka, mimba imetolewa. Tofauti ni mwisho wa kitenzi tu, na ndani yake kuna umbali wote ulioko kati ya msiba na dhambi.

Mume aliomba msamaha na mke akamsamehe. Lakini kwa siku nne yule mama alibeba msiba wa mtoto na tuhuma ya kumuua mtoto huyo huyo, ndani ya nyumba moja, na sisi kanisa hatukumpelekea hata uji. Hatukujua. Na kwa nini hatukujua? Kwa sababu kwetu mimba ya wiki kumi ikitoka hakuna matanga, hakuna mkeka wa kukalia, wala hakuna anayesema pole kwa sauti. Tunasema mtoto aliye tumboni ni mtu, kisha akifa hatumlilii. Mtu wa nje akituangalia atauliza kama tunaamini tunachokisema, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Basi tuseme tunaamini nini, na tuseme wazi.

Tunaamini kwamba uhai wa mwanadamu unaanza tumboni na ni wa Mungu. Zaburi ya 139 inamwonyesha Mungu kama fundi anayesuka, na anayesukwa ni mtunzi mwenyewe, si kitu kitakachokuja kuwa mtunzi baadaye. Yeremia anaambiwa kwamba alijulikana kabla hajaumbwa tumboni. Na katika Luka, Mariamu anaingia nyumba ya Elisabeti akiwa na mimba changa sana, ya siku au wiki chache, na aliyemtambua mgeni wa kwanza ni mtoto wa miezi sita aliyeko tumboni kwa mwenyeji. Yohana alianza kazi yake ya unabii kabla ya kuzaliwa. Kina mama mnaocheka mkisoma hapo mnajua mguu wa miezi sita unavyopiga.

Hili si jambo lililotungwa na chama cha siasa cha Marekani. Wapo vijana wetu wanaofikiri hivyo, kwa sababu wameliona kwanza kwenye mabango ya uchaguzi. Maandiko ya kale ya Wakristo yanayoitwa Didake, yaliyoandikwa karibu na mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa ya pili, tayari yalikataza kutoa mimba na kumuua mtoto mchanga. Katika Roma ya wakati ule, mtoto aliyezaliwa aliweza kutupwa nje kama baba hakumtaka, hasa akiwa msichana au mlemavu. Wakristo walikataa desturi hiyo, na wengine waliwaokota watoto hao na kuwalea. Hawakuwa na kura wala mbunge. Walikuwa na nyumba zao tu.

Na tuongeze hili, kwa sababu kuna dada aliyetuuliza akilia. Mimba ikitunga nje ya kizazi, mtoto yule hawezi kuishi, na mama asipotibiwa anaweza kufa kwa damu. Kumtibu mama huyo hatukuiti kuua. Daktari akikuambia uende hospitali, nenda usiku huo huo. Usingoje maombi ya Ijumaa. Tutaomba ukiwa njiani.

Sasa turudi Misri.

Mwajua hadithi, lakini isomeni tena kama wahamiaji. Farao mpya anaangalia jamii ya wageni ndani ya nchi yake na kusema wamekuwa wengi, wanazaa mno, siku moja watatushinda. Kwanza anawapa kazi ngumu. Kazi haikuwapunguza. Ndipo anawaita wakunga wawili na kuwaagiza wawaue watoto wa kiume pale pale kwenye kiti cha kuzalia. Mauaji yale yalianza na hesabu: watu fulani ni wengi kupita kiasi. Sisi tuliotoka kwenye vita tunaijua hesabu hiyo. Wengine wetu tuliihesabiwa.

Biblia haikutuambia jina la Farao huyo, mtu aliyekuwa na majeshi na mahekalu. Imetuambia majina ya wakunga: Shifra na Pua. Wanawake wawili wa kazi za mikono. Walimcha Mungu, wakaacha watoto waishi. Walipoulizwa wakasema wanawake wa Kiebrania wana nguvu, huzaa kabla mkunga hajafika. Na mstari wa 21 unasema Mungu aliwajengea nyumba, yaani jamaa. Waliolinda nyumba za wengine walipewa za kwao.

Angalieni wakunga walifanya nini hasa. Hawakwenda kumhubiria Farao. Hatusemi kwamba kumhubiria ni vibaya. Musa alikuja kufanya hivyo miaka themanini baadaye. Lakini kazi ya kwanza ilikuwa ya kukaa na mwanamke anayeumwa uchungu, kumpokea mtoto, kukata kitovu, kumfunika, kumrudishia mama yake. Musa mwenyewe aliokolewa na mikono ya wanawake: mama aliyemwandalia kisafina, dada aliyesimama mbali akitazama, na binti wa Farao, mpagani, aliyesikia mtoto analia akamhurumia. Tafadhali mkumbuke huyu wa mwisho mnapokutana na jirani asiyesali kama sisi lakini anayelea watoto wa kambo wa serikali.

Hapa Ohio habari imekwenda hivi. Juni 24, 2022 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu ya mwaka 1973 iliyokuwa imeruhusu utoaji mimba nchi nzima, na suala likarudi kwa kila jimbo. Siku hiyo hiyo Ohio ikaanza kutumia sheria iliyotiwa saini 2019, iliyokataza kutoa mimba baada ya mapigo ya moyo kusikika, karibu wiki ya sita. Mahakama ikaisimamisha miezi michache baadaye. Kisha Novemba 7, 2023 wananchi wakapiga kura, na karibu 57 katika kila 100 wakakubali haki ya kutoa mimba iingizwe kwenye katiba ya jimbo. Baadhi yenu ilikuwa kura yenu ya kwanza tangu mpate uraia. Baadhi mlipiga kura ya hapana na mkashindwa, na mkaja Jumapili iliyofuata na nyuso za msiba. Wengine, tunajua, mlipiga kura ya ndiyo.

Kwa hao wa pili tuseme neno. Wapo waliotuambia kwamba walimfikiria yule mtoto wa Ohio wa miaka 10 aliyebakwa mwaka 2022, ambaye ilibidi apelekwe Indiana. Na wapo wamama waliotoka Kivu wasiotaka kutuambia walimfikiria nani, na hatukuwauliza. Hatubadilishi imani yetu: mtoto hapaswi kufa kwa ajili ya uovu wa baba yake. Lakini mtu anayelisema hilo kwa haraka, akiwa hajawahi kukaa na mwanamke aliyebakwa, ni afadhali anyamaze kwanza. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri kwa siku saba walipokaa chini kimya. Waliharibu walipofungua midomo.

Kanisa haliwaambii mmpigie nani kura. Sheria ya kodi inatukataza kufanya kampeni ya mgombea, na hata isingetukataza tusingefanya. Lakini kuhusu jambo lenyewe tutasema.

Na tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Kenya katiba yao ya 2010, Ibara ya 26, inasema uhai unaanza mimba inapotungwa, kisha inaruhusu mimba itolewe pale uhai au afya ya mama iko hatarini. Kongo mwaka 2018 iliichapisha itifaki ya Maputo katika gazeti la serikali, nayo inaruhusu baada ya kubakwa, baada ya kujamiiana kwa ndugu, na kwa afya ya mama. Tanzania sheria ni kali, lakini hadi Novemba 2021 msichana wa shule ya serikali akipata mimba hakuweza kurudi darasani. Wangapi kati yenu mnamjua msichana aliyekunywa majani ya sumu ili asifukuzwe shule? Mnamjua. Tunamjua sisi pia. Sheria ilisema hapana kwa kutoa mimba, na shule ikasema hapana kwa kuibeba. Mtoto wa watu aende wapi?

Hapo ndipo tulipojikuta tumesimama sisi wenyewe, na hii ndiyo sehemu ngumu ya neno la leo.

Utaratibu wa kanisa letu, tuliokuja nao kutoka nyumbani, ni huu: msichana asiyeolewa akionekana na mimba, anatengwa. Hashiriki meza ya Bwana, anavua joho la kwaya, anakaa viti vya nyuma mpaka ajifungue na kutubu mbele ya watu. Tuliufanya hivyo kwa miaka. Msichana wa mwisho tuliyemtenga alikuwa na miaka 18. Alikaa nyuma miezi minne na tumbo lake, kila mtu akipita anamwona. Kijana aliyempa mimba aliendelea kupiga kinanda.

Mwaka uliofuata msichana mwingine, wa kwaya ile ile, alipata mimba. Hakumwambia mama yake. Hakutuambia sisi. Alikwenda kliniki peke yake kwa basi, akarudi, na Jumapili akaimba safu ya mbele. Tulikuja kujua baada ya mwaka mzima, pale aliposhindwa kushiriki meza ya Bwana na mama mlezi akamfuata chooni. Alisema maneno ambayo hatutayasahau. Alisema alikuwa amemwona mwenzake pale viti vya nyuma, na akajua kwamba kwetu sisi dhambi ni tumbo.

Wapendwa, pimeni jambo hili. Wasichana wawili walianguka dhambi moja. Mmoja alimbeba mtoto, tukamwadhibu. Mwingine alimtoa, akaimba. Utaratibu tuliouita utakatifu ulikuwa unamsukuma msichana kwenye mlango ule ule tunaohubiri kwamba asiuingie. Tulipiga kelele juu ya kura ya Novemba, na huku tulikuwa tumeshapiga kura yetu viti vya nyuma.

Tumetubu. Tulimwita msichana wa kwanza na wazazi wake, tukamwomba radhi, sisi wazee tukiwa tumesimama na yeye amekaa. Mtoto wake sasa anakimbia kimbia kati ya viti wakati wa sala, na hakuna anayemkemea, labda zaidi ya inavyofaa. Utaratibu umebadilika. Nidhamu ya kanisa haikufutwa. Uzinzi bado ni dhambi. Lakini itahusu wote wawili, kijana na msichana, itafanyika kwa faragha pamoja na wazazi, na hakuna mwenye mimba atakayeambiwa akae nyuma. Kiti chake kiko mbele, karibu na mlango wa choo, kwa sababu anazojua kila mama.

Na ninyi mliokwisha kutoa mimba, hapa au kule, jana au miaka thelathini iliyopita. Mpo. Wengine ni mama zetu wa maombi. Wengine ni wanaume mliotoa pesa na kumpeleka mtu, na mkajiona hamkufanya ninyi. Hatutaki mtu yeyote asome neno hili akafikiri limeandikwa dhidi yake. Damu ya Yesu haikuacha dhambi hii nje. Mmoja wetu, mzee wa kanisa, amewahi kuwa yule mwanaume aliyetoa pesa. Ameomba tuandike hivyo, bila jina.

Sasa tuje kwa jambo la pili, ambalo tutalisema kwa maneno machache zaidi kwa sababu bado tunajifunza.

Mwanzo 1:27 unasema Mungu aliumba mwanadamu mwanamume na mwanamke. Tunaamini mwili ni zawadi, haukukosewa. Hatuamini kwamba mtu anaweza kuwa na nafsi ya kike iliyowekwa kwa makosa ndani ya mwili wa kiume, au kinyume chake. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na maumbile yasiyo wazi. Hao ni jambo la tabibu na la upole, na Bwana Yesu mwenyewe katika Mathayo 19 alikiri kwamba wapo waliozaliwa tofauti, wala hakuwadharau. Hatuwazungumzii hao.

Lugha yetu imetukinga kidogo na ugomvi mmoja. Kiingereza kina neno moja la kumtaja mwanamume na jingine la mwanamke, na shule zinabishana mtoto atajwe kwa lipi. Sisi tuna "yeye" tu. Wengi wetu mpaka leo tunayachanganya yale ya Kiingereza, na watoto wanatucheka. Mama mmoja alimtaja mwanawe wa kiume kwa neno la kike mara sita katika kikao na mwalimu, mwalimu akaandika kwa makini kwenye daftari lake. Ilibidi kaka wa yule mtoto aeleze. Tulicheka sana. Lakini ona jinsi ilivyo rahisi kutoelewana kuhusu mtoto wako mwenyewe wakati huna lugha ya chumba ulichokaa.

Juu ya tiba, Ohio ilipitisha sheria ya kuzuia dawa za kusimamisha kubalehe na homoni kwa walio chini ya miaka 18. Gavana wetu DeWine, Mkatoliki, yule yule aliyetia saini sheria ya mapigo ya moyo, aliikataa Desemba 29, 2023 baada ya kuwasikiliza wazazi wenye watoto wa namna hiyo. Wiki iliyofuata akapiga marufuku upasuaji kwa watoto. Januari 2024 bunge likampinga na sheria ikapita, na kesi zikaenda mahakamani. Juni 18, 2025 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji sita kwa watatu, iliamua kwamba sheria ya namna hii ya Tennessee haivunji katiba. Uingereza nako, taarifa ya daktari wa watoto Hilary Cass ya mwaka 2024 ilisema ushahidi wa dawa hizo kwa watoto ni dhaifu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashikilia kwamba tiba hiyo iendelee kupatikana. Sisi si madaktari. Tunaona kumngoja mtoto akue kabla ya kumpa kitu kisichoweza kurudishwa nyuma ni busara, na tungesema hivyo hata kuhusu kumchanja chale.

Lakini hakuna hata moja la hayo lililotusaidia Januari moja yenye theluji, pale baba mmoja alipoitupa nguo za mtoto wake barazani.

Mtoto huyo ana miaka 15. Alimwambia mshauri wa wanafunzi shuleni kabla ya kuwaambia wazazi. Sheria mpya ya Ohio, iliyotiwa saini Januari 2025, inaitaka shule iwajulishe wazazi mambo kama hayo, na sisi tuliifurahia, maana mzazi kujua habari za mtoto wake ni haki yake. Basi baba akajulishwa. Alipojulishwa akafanya alivyofanya. Kujua hakukumsaidia, kwa sababu hakuna aliyemwandaa afanye nini akishajua. Mtoto alilala siku sita kwa rafiki wa shule, familia tusiyoifahamu, wasiosali, waliompa chumba na koti.

Tulikaa na baba yule usiku mmoja mpaka saa nane. Alisema aibu. Alisema huko Bukavu watasemaje. Mzee mmoja wetu akamuuliza, mwana mpotevu aliporudi, baba yake alikuwa amesimama wapi? Alikuwa akitazama njia. Na hawezi mtu kutazama njia akiwa amefunga mlango kwa ufunguo. Saa nane baba akavaa koti, akaenda.

Mtoto yuko nyumbani sasa. Hakubaliani nasi, wala sisi hatujakubaliana naye. Anakula kwao. Baadhi ya Jumapili anakuja, anakaa karibu na mlango, anaondoka kabla ya baraka. Baba bado hawezi kulitamka jina jipya, na hatukumlazimisha. Mama yake humwita "mwanangu," na neno hilo hadi sasa halijaleta ugomvi.

Vijana, mkimwona, msimcheke. Tukisikia mzaha wowote juu yake kwenye kundi la simu la vijana, tutazungumza na wazazi wenu. Kusimamia kweli na kumdhihaki mtoto ni mambo mawili, na la pili halimo katika Biblia yoyote tuliyowahi kuisoma.

Yafuatayo ni ya matumizi, kateni mweke kwenye friji.

Ukienda shule au hospitali, dai mkalimani. Zinazopokea fedha za serikali kuu haziruhusiwi kukubagua kwa sababu ya ulikotoka, na mkalimani ni bure. Usimtumie mtoto wako kutafsiri habari za tumbo lako wala habari zake mwenyewe. Usitie saini karatasi ambayo hujasomewa. Karatasi ya hospitali usiifasiri kwa simu. Ilete kwa dada wa uuguzi, hatasimulia mtu.

Mwenye mimba asiye na uwezo: bima ya Medicaid ya Ohio inamhudumia mama mwenye kipato kidogo wakati wa mimba na miezi 12 baada ya kujifungua, na mpango wa WIC unatoa chakula. Tutakusindikiza kujaza fomu. Aliyejifungua na kuona kwamba hawezi kabisa, sheria ya Ohio inamruhusu kumkabidhi mtoto asiyezidi siku 30 kwa wahudumu wa hospitali, zimamoto au polisi bila kushitakiwa, mradi mtoto hajaumizwa. Lakini njoo kwetu kwanza, hata usiku. Familia tatu za kanisa hili zimesema ziko tayari kulea.

Kijana au mzazi anayefikiria kujiua apige 988, saa yoyote, na amwombe anayepokea mkalimani wa Kiswahili.

Mimba ikitoka, tuambieni. Kuanzia mwezi huu kina mama watapika, na tutakaa jioni moja na familia, tutataja mtoto katika sala. Kina baba pia mje, msikae kwenye gari.

Hospitali haitakuruhusu kuondoka na mtoto mchanga kwa gari bila kiti chake. Tunavyo viwili vipya chumba cha nyuma, na nepi za saizi ya kwanza. Ufunguo anao mama mlezi.